Dakika Ishirini na Mbili za Mikumi

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya na Tunduma huingia Hifadhi ya Taifa ya Mikumi baada ya kijiji cha Doma na kutokea karibu na mji mdogo wa Mikumi. Kipande hicho kina takriban kilomita 50. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa humalizwa kwa dakika 37 na nusu. Kwa mwendo wa 50 huchukua saa moja kamili. Tofauti ni dakika 22 na ushei, katika safari ambayo hadi Tunduma huzidi kilomita 900.

Msafiri wa alfajiri hujua mahali mnyama alipogongwa kabla hajaufikia mzoga. Tai wamejipanga juu ya mti mmoja, mabawa yamelegea, wakisubiri magari yapungue. Chini yao, lami ina alama mbili nyeusi za matairi zinazoanza ghafla na kuishia pembeni, vipande vya plastiki ya taa, na doa la maji ya rejeta ambalo bado halijakauka. Mara nyingi aliyelala hapo ni swala pala. Siku nyingine ni nyani, ngiri, fisi aliyekuja kula mzoga wa jana yake, au pundamilia. Twiga na tembo hawagongwi kila siku, ila wakigongwa habari husambaa hadi Tunduma kabla gari lenyewe halijavutwa.

Maelezo ya dereva huwa yaleyale: mnyama alijitokeza ghafla. Wasikilizaji hutikisa kichwa, na mmoja wao humalizia kwamba ajali haina kinga. Makala haya yanashikilia kinyume. Kugonga mnyama Mikumi ni miongoni mwa ajali zinazotabirika kuliko nyingi, kwa sababu mahali pake panajulikana, saa zake zinajulikana na dawa yake inajulikana. Kinachokosekana ni mtu wa kukubali kulipia zile dakika 22.

Nani kaingia kwa mwenzake

Katika Kiswahili cha barabarani ni mnyama anayeingia njiani, wala si njia iliyoingia porini. Barabara yenyewe ina hoja ya kujitetea, kwani ni kongwe kuliko hifadhi. Njia ya gari kutoka Morogoro kwenda Iringa ilifunguliwa katikati ya miaka ya 1950, na Mikumi ikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1964. Wageni waliijua Mikumi upesi kwa sababu hiyohiyo: ilifikika kwa gari kutoka Dar es Salaam ndani ya siku moja. Miaka ya 1970 lami ikaja, na pamoja nayo mwendo ambao wale waliochonga njia ya vumbi hawakuuwaza.

Hifadhi hiyo yenye ukubwa wa kilomita za mraba 3,230 ilibaki imekatwa pande mbili. Upande wa kaskazini-magharibi kuna nyika ya Mkata, yenye majani na maji. Upande wa pili ardhi inaelekea vilimani na kwenye mapori yanayoungana na Hifadhi ya Nyerere. Wanyama wana shughuli pande zote mbili. Huvuka kufuata maji kiangazi, hurudi kufuata majani mvua zikianza, na wengine huvuka kila siku kama mtu anayekwenda sokoni na kurudi. Watafiti walikwisha kuandika kuhusu jambo hili miaka ya 1990. Carlos Drews, aliyekuwa akichunguza nyani wa Mikumi, alichapisha mwaka 1995 utafiti kuhusu wanyama wanaouawa na magari katika barabara hiyo. Tangu hapo malori ya Zambia na Kongo yameongezeka, mabasi yameongezeka, na tangu 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku baada ya marufuku ya miaka mingi.

Ruhusa hiyo ina faida zake. Mfanyabiashara wa Makambako hulala ndani ya basi akafika Kariakoo maduka yanafunguliwa, na mgonjwa mwenye miadi Muhimbili huokoa pesa ya nyumba ya wageni. Lakini imewaweka abiria wengi zaidi Mikumi katika saa ambazo zamani ziliachiwa malori.

Saa na mahali

Saa mbaya ni mbili: magharibi na alfajiri. Wakati huo swala wanaamka kutoka kwenye kivuli cha mchana au wanatoka malishoni, na macho ya dereva yako katika hali yake dhaifu kuliko zote. Mwanga wa jua hautoshi, mwanga wa taa bado hauonekani kufanya kazi. Kati ya saa kumi na mbili na saa moja na nusu jioni, swala mwenye rangi ya majani makavu akisimama mbele ya majani makavu hana tofauti na kichaka.

Usiku wa manane una hila yake. Macho ya swala, fisi, kanu na fungo hung'aa yakipigwa na taa, kwa kuwa nyuma ya jicho kuna utando unaorudisha mwanga. Dereva mzoefu hutafuta nukta hizo mbili pembeni mwa njia kabla ya kutafuta mwili. Ila twiga huwa na macho yake mita nne au zaidi juu ya lami, mahali ambapo taa fupi hazifiki. Dereva huona miguu tu, na miguu ya twiga kwenye giza hufanana na vigogo vya miti. Tembo naye ni ukuta wa kijivu usioakisi kitu.

Kwa nini wasikae porini? Kwa sababu barabara huwavuta. Maji ya mvua hutiririka kutoka kwenye lami yakanywesha majani ya kando, na kiangazi ukanda huo hubaki kijani wakati nyika yote imekauka. Lami hutunza joto la mchana, na baadhi ya wanyama huisogelea usiku. Nafaka humwagika kutoka kwenye malori. Abiria hurusha maganda ya ndizi na mifupa ya kuku kupitia dirishani, na nyani wamejifunza kusubiri. Anayemtupia nyani muhogo kwa huruma anamfundisha kukaa mahali atakapofia, na pengine dereva wa gari linalofuata ndiye atakayelipa.

Kuna kanuni moja ambayo madereva wa njia hiyo huirithishana: swala wa kwanza si tatizo, tatizo ni wa pili. Swala pala hutembea kwa kundi. Mmoja akivuka, waliobaki nyuma huona wameachwa, na hofu ya kuachwa huwazidi hofu ya gari. Hapo ndipo huruka, na swala pala anaweza kuruka karibu mita tatu kwenda juu na mita tisa au zaidi kwenda mbele. Dereva aliyepunguza mwendo kwa ajili ya wa kwanza, akamwona amevuka salama na kukanyaga mafuta tena, humkuta wa nne juu ya boneti.

Hesabu ya breki

Gari lililo katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Dereva aliye macho huhitaji kama sekunde moja na nusu kuona, kuelewa na kuhamisha mguu, na muda huo gari limekwenda mita 33 kama vile hakuna kilichotokea. Breki zikishika kwenye lami kavu, gari dogo lenye matairi mazuri huhitaji mita nyingine 36 hivi. Jumla inakaribia mita 70. Taa fupi za gari la kawaida humulika kati ya mita 40 na 60. Maana yake ni kwamba dereva huyo anaendesha kuelekea mahali asipopaona, na akifika salama amefika kwa sababu hapakuwa na mtu wala mnyama.

Kwa mwendo wa 50 hesabu hubadilika. Mita 21 za kuelewa, mita 14 za breki, jumla 35. Gari linasimama ndani ya mwanga wake. Na katika mita ileile ya 35 ambapo gari hili limekwisha kusimama, lile la mwendo wa 80 ndiyo kwanza breki zake zinaanza kushika. Linamfikia swala likiwa na mwendo wa karibu 78. Hapo hakuna ustadi wa dereva unaoweza kuingilia.

Lori lenye shehena ya shaba linataka umbali mrefu zaidi, na matairi yaliyolika au lami yenye mvua huongeza mita juu ya mita. Uchovu nao huongeza. Dereva aliyetoka bandarini asubuhi, akapanga foleni ya mizani Mikese, akafika Doma usiku, hana tena ile sekunde moja na nusu.

Taa ndefu husaidia pale ambapo hakuna gari linalokuja. Likija, madereva wote wawili hushusha taa, na nyuma ya mwanga wa gari linalopishana hubaki shimo la giza la sekunde kadhaa. Wanyama wengi hugongwa humo, kwa kuwa mnyama naye alikuwa akisubiri lori lipite ndipo avuke. Madereva wa Tanzania wana lugha nzuri ya taa: wakipishana humulikiana kuonyana kwamba mbele kuna trafiki mwenye tochi ya kupima mwendo. Laiti lugha hiyo ingetumika kwa tembo kwa bidii ileile.

Usukani usiguswe

Jambo gumu kulifundisha ni kwamba mara nyingi ni afadhali kumgonga swala kuliko kumkwepa. Mkono wa binadamu hukwepa wenyewe. Lakini njia ya Mikumi ni ya magari mawili kupishana, bega lake ni finyu, na pembeni kuna mteremko. Anayekata usukani kulia anakutana uso kwa uso na lori la tani 50. Anayekata kushoto anashuka mtaroni, na gari refu likishuka mtaroni kwa mwendo hulala ubavu. Swala dume ana kilo 60 au 70. Basi lina abiria zaidi ya 50. Wakufunzi makini wa udereva husema breki zikanyagwe kwa nguvu zote, usukani ushikwe ukiwa umenyooka, honi ipigwe, na mnyama aachiwe aamue upande wa kukimbilia. Mnyama akigongwa mbele ya gari lililokwisha kupunguza mwendo, kinachovunjika ni shoo na taa.

Wasioingia katika kanuni hiyo ni twiga, tembo, nyati na kiboko. Twiga amesimama juu ya miguu inayokaribia urefu wa mtu mzima. Gari dogo hupita chini, miguu ikavunjika, na mwili wa zaidi ya nusu tani ukashukia kioo cha mbele na paa. Kukwepa kunaua, kutokwepa kunaua. Kwa mnyama huyo uamuzi wa pekee wenye maana hufanywa dakika kumi kabla, dereva anapoamua mwendo wa kuingilia hifadhini. Ngao ya chuma iliyofungwa mbele, ambayo wengi huinunua kwa imani kubwa, hulinda rejeta dhidi ya swala. Dhidi ya tembo ni pambo.

Suala hili si la Afrika Mashariki peke yake. Marekani magari hugonga zaidi ya wanyama milioni moja kila mwaka, wengi wao ayala wenye mkia mweupe. (Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanalijua neno ayala. Mitaani wengi humwita kulungu, ingawa kulungu wa kwetu ni mnyama mwingine na hatupi pembe zake kila mwaka.) Kilele cha ajali hizo ni Oktoba hadi Desemba, hasa Novemba, madume wanapofukuza majike bila kuangalia njia. Wakongomani wazungumzao Kiswahili walioko Iowa, wengi wao wakienda na kurudi zamu za viwanda vya nyama katika giza, hujifunza somo hilo mwezi wa kwanza wa baridi. Kampuni za bima za huko nazo zimeweka msimamo wao katika mikataba. Aliyemgonga ayala hulipwa kupitia bima kubwa kama mtu aliyepatwa na janga. Aliyemkwepa akagonga mti huhesabiwa kuwa amegonga mti.

Nyama iliyo juu ya lami

Baada ya kishindo, kosa la kwanza ni kushuka mbio kwenda kumtazama mnyama. Swala aliyevunjika mgongo bado ana kwato na pembe, nyati aliyejeruhiwa ni balaa, na porini usiku harufu ya damu husikika haraka na wenye meno. Gari linasogezwa kando pale linapoweza, taa za hatari zinawashwa, pembetatu inawekwa mbali vya kutosha ili lori linalofuata liione kabla ya kona, na abiria wanabaki ndani. Kisha anatafutwa askari wa uhifadhi au polisi. Ofisi za hifadhi ziko Kikoboga, kando ya barabara hiyohiyo. Mzoga usiachwe katikati ya njia, kwa kuwa usiku huohuo utamleta fisi, na asubuhi tai, nao watagongwa.

Kosa la pili ni gunia. Hapa desturi na sheria hazisikilizani. Katika nyumba nyingi nyama ya swala ni kitoweo cha heshima, na kumwacha mnyama mzima aoze huonekana kufuru. Utingo huangalia huku na huku, kisu kinatoka chini ya kiti, paja linaingia ndani ya buti. Kuanzia dakika hiyo dereva si mtu aliyepata ajali tena. Mnyamapori, akiwa hai au amekufa, ni mali ya umma, na nyama yake ni nyara ya Serikali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Mahakama za Tanzania zimewafunga watu miaka 20 kwa kukutwa na nyara. Hakuna mchuzi wa bei hiyo. Katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, dereva anaruhusiwa kumchukua ayala aliyemgonga mradi atoe taarifa kwa mamlaka ya wanyamapori ndani ya saa 24, na kwa nchi yenye mamilioni ya ayala utaratibu huo una mantiki. Mikumi, ukiruhusu nyama ya ajali, kesho yake ajali zitakuwa za makusudi.

Ukali wa sheria unaonekana pia katika bei. Kanuni za thamani ya nyara zimempa swala pala dola 390, ngiri 450, nyumbu 650, pundamilia 1,200, nyati 1,900. Twiga, mnyama wa taifa, ni dola 15,000. Kwa fedha hizo mtu hununua gari dogo lililotumika akabaki na nauli. Madereva hulalamika kwamba wanatozwa kwa bahati mbaya, na malalamiko yao yana chembe ya haki, kwa kuwa tozo humwangukia aliyeshika usukani huku aliyepanga mwendo akiwa amelala nyumbani.

Bili inaishia mlango gani

Hili la nani hulipa ndilo kiini cha jambo zima. Mwenye gari dogo hugundua siku ya ajali tofauti kati ya bima ndogo na bima kubwa. Bima ndogo, ambayo wengi hukata ili kumridhisha trafiki, humlipa mtu mwingine aliyedhurika. Swala hana madai, na gari lililoharibika ni la mkata bima mwenyewe. Taa mbili, shoo, bampa, boneti, rejeta, feni, pengine kioo: fundi huandika orodha nyuma ya risiti ya mafuta, anaipiga mstari chini, na mwenye gari huitazama kama mtihani wa hesabu. Kama gari hilo ndilo linalofanya teksi au kupeleka mboga sokoni, kila siku linapolala gereji ni siku bila kipato, na ada ya mtoto hungoja nyuma ya rejeta.

Dereva wa kuajiriwa yuko pabaya zaidi. Wapo matajiri wanaokata mshahara wa dereva hadi uharibifu uishe, bila kuuliza ratiba ilikuwaje. Dereva wa magari ya IT (yanayopitishwa kwenda nchi jirani), anayetoa gari bandarini Dar es Salaam na kulifikisha mpakani Tunduma, kwa kawaida hulipwa kwa safari. Akifika mapema anarudi mapema kuchukua jingine. Mtu huyo hawezi kuambiwa kwamba dakika 22 ni kidogo. Kwake kila dakika ina bei, na mwezi una safari zinazohesabika. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: tajiri anayesema "endesha polepole" na papo hapo anapiga simu kila saa kuuliza "umefika wapi?" ametoa amri mbili, na dereva anajua ipi ndiyo ya kweli.

Abiria naye hajasalimika na lawama. Ndani ya basi lililopunguza mwendo Mikumi hazikosekani sauti za nyuma zinazosema konda amwambie dereva akanyage, watu wana shughuli. Sauti hizo hunyamaza kishindo kinapotokea, na hapo hugeuka kuwa mashahidi kwamba dereva alikuwa anakimbiza gari.

Wanyama hawana pa kupeleka madai yao, lakini hasara yao ina njia ya kurudi nyumbani kwa watu. Bandu bandu humaliza gogo. Mji wa Mikumi una wapishi, madereva wa watalii, wauza vinyago na mama ntilie ambao riziki yao inatokana na mgeni aliyekuja kumwona twiga akiwa amesimama.

Matuta, mahandaki na kifaa kilichokwisha kufungwa

Matuta yamewekwa Mikumi, vibao vya wanyama na vya kupunguza mwendo vipo, na tochi hupigwa. Tuta hufanya kazi mahali lilipo. Kati ya tuta na tuta, dereva hukanyaga mafuta ili kufidia alichopoteza. Malori yenye shehena huumia springi, na madereva hulaani kwa sauti. Hata hivyo tuta lina sifa moja ambayo kibao hakina: halihitaji kuaminiwa.

Uzio hutajwa mara kwa mara kama suluhisho rahisi. Uzio mtupu ungegeuza hifadhi moja kuwa mbili, na kiangazi upande mmoja ungekufa kiu ukiyatazama maji. Unafaa ukienda pamoja na mahali pa kuvukia. Katika hifadhi ya Banff nchini Kanada, uzio uliounganishwa na madaraja na mahandaki ya wanyama umepunguza ajali hizo kwa zaidi ya asilimia 80. Kenya nayo imejaribu. Tangu 2011 tembo wa Mlima Kenya wamekuwa wakipita katika handaki chini ya barabara ya Nanyuki kwenda Meru, na reli ya kisasa iliyofunguliwa 2017 ilijengwa Tsavo ikiwa na vivuko vya wanyama chini ya tuta lake. Kwa hiyo ujuzi upo hapahapa. Ni gharama kubwa, na hujengwa kwa urahisi zaidi barabara inapojengwa kuliko miaka 50 baadaye.

India ilichagua njia nyingine: tangu 2009 magari hayapiti usiku katika barabara kuu ikatayo hifadhi ya chui milia ya Bandipur, isipokuwa machache yenye ruhusa. Kwa Mikumi hilo ni gumu. Bandari ya Dar es Salaam inahudumia nchi zisizo na pwani kupitia njia hii, na foleni ya malori ya saa kumi na mbili ingefika Morogoro. Barabara ya Dumila kupitia Kilosa hadi Mikumi, ambayo imekuwa ikitiwa lami kwa vipande, inaweza siku moja kupunguza mzigo kwa kuzunguka hifadhi. Ila mchepuko hauna mvuto kwa dereva anayehesabu lita za dizeli, labda alazimishwe.

Iliyo rahisi kuliko zote imekwisha kufungwa ndani ya mabasi. LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, hufuatilia mwendo wa mabasi ya mikoani kwa kifaa kinachotuma taarifa, na dereva anayezidisha mwendo huonekana. Kifaa kinachojua basi linakwenda kasi gani kinajua pia basi liko wapi. Hakuna sababu ya kiufundi ya kukifanya kidai mwendo uleule Chalinze na Mikumi, mchana na usiku. Kikiwekewa kikomo cha 50 usiku kati ya Doma na mji wa Mikumi, na kifaa kama hicho kikifungwa kwenye malori, trafiki hahitaji kujificha nyuma ya mti na dereva hahitaji kuonywa kwa taa.

Hapo itabaki karatasi ya ratiba. Basi linaloondoka stendi ya Magufuli, Mbezi, saa kumi na mbili jioni huingia hifadhini kama saa tano usiku, wakati fisi wako njiani na lami bado ina joto. Mwenye basi akiandika ratiba hiyo upya, saa ya kufika Iringa husogea mbele kwa dakika 22, na tiketi huuzwa ikiwa na saa hiyo mpya.